Shahidi na Walioachwa: Kukisoma Upya Kitabu cha Frances Perkins juu ya Roosevelt

Uhakiki wa wasifu katika lugha yetu umekuwa, kwa sehemu kubwa, uhakiki wa mtu anayesimuliwa. Tunapofundisha Wasifu wa Siti binti Saad twauliza Siti alikuwa nani, alitoka katika hali gani, na alipanda vipi kutoka katika ufukara hata sauti yake ikatiwa katika santuri. Ni mara chache tunapouliza Shaaban Robert amesimama wapi anapotusimulia hayo, na kwa nini jambo moja amelikuza na jingine amelipita kwa sentensi moja. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hili la pili, lakini kwa kitabu ambacho si cha Kiswahili, kwa sababu ambayo msomaji ataiona hivi punde.

Kitabu chenyewe ni The Roosevelt I Knew, yaani Roosevelt niliyemjua mimi. Kilitolewa mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya kufa kwa Rais Franklin Roosevelt. Mwandishi wake, Frances Perkins, alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani tangu Machi 1933 hadi katikati ya mwaka 1945. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi ile, na hapana Waziri wa Kazi aliyekikalia kiti hicho muda mrefu kumshinda. Nilikutana na kitabu hiki ng'ambo, nilipokuwa nikisomea shahada ya pili, kikiwa katika orodha ya vitabu vya somo la wasifu. Nikakisoma upesi upesi kama mwanafunzi asomavyo kitabu cha kulazimishwa. Nimekirudia sasa kwa kuwa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kurasa chache zake wazigeuze kwa Kiswahili, na kurasa hizo zimetushinda mahali ambapo sikutazamia.

Yafaa kwanza mwandishi ajulikane, maana yeye mwenyewe hakujitangaza. Perkins alizaliwa Boston mwaka 1880, akasoma katika chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, akamaliza mwaka 1902. Huko mwalimu mmoja wa historia aliwatoa wanafunzi wake darasani akawapeleka viwandani wakajionee watu wanavyofanya kazi. (Ningependa kujua ni wangapi kati yetu waliokwisha kuwapeleka wanafunzi wa fasihi bandarini au katika mashamba ya majani chai kabla ya kuwatungia mtihani juu ya tabaka la wafanyakazi.) Baadaye alifanya kazi miongoni mwa maskini wa Chicago na Philadelphia, akachukua shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1910, na mwaka huohuo akawa katibu wa Jumuiya ya Wanunuzi ya New York, iliyokuwa ikipigania hali bora viwandani.

Jumamosi tarehe 25 Machi 1911 alikuwa akinywa chai nyumbani kwa rafiki yake New York waliposikia kelele za moto. Walikimbia kwenda kutazama. Kiwanda cha blauzi cha Triangle, kilichokuwa katika ghorofa tatu za juu za jumba la ghorofa kumi, kilikuwa kinawaka. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za wazima moto hazikufika juu. Perkins aliwaona wasichana wakijitupa madirishani. Walikufa watu 146, wengi wao wakiwa wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano waliohamia nchi ile wakitafuta riziki. Katika maisha yake yote yaliyofuata alirudia kusema kwamba yote aliyoyafanya serikalini mzizi wake ulikuwa siku ile.

Ama kuhusu fani ya kitabu, jambo la kwanza linalomjia mhakiki ni kwamba nafsi ya kwanza imo katika kila ukurasa, na hata hivyo mwenye nafsi hiyo haonekani. Perkins ni shahidi. Amemwona Roosevelt akiwa kijana mwenye majivuno katika bunge la jimbo huko Albany, kichwa kimeinuliwa nyuma, miwani ya kubana puani, akiwatazama watu kwa juu. Amemwona baada ya polio kumpooza miguu mwaka 1921, na hoja yake kuu, ambayo waandishi wengi wa baadaye wameichukua, ni kwamba maradhi yale ndiyo yaliyomlainisha moyo akajua maana ya kuwa mhitaji. Picha hii ya mtu yuleyule katika nyakati mbili imechorwa kwa jicho kali. Perkins hamfanyi bwana wake kuwa malaika. Anasema waziwazi kwamba kijana yule wa Albany hakumsaidia lolote la maana alipohitaji msaada.

Lakini huyu shahidi ni mtendaji. Roosevelt alipomwita Februari 1933 kumpa uwaziri, Perkins alimfikia na orodha: bima ya uzeeni, bima ya ukosefu wa kazi, kima cha chini cha mshahara, mpaka wa saa za kazi, kukomeshwa kwa kazi za watoto, misaada ya serikali kuu kwa wasio na ajira. Alimwambia rais mteule kwamba asipoyataka hayo basi na yeye asimtake. Msomaji anayeifuata orodha ile anaona kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita sera ya Roosevelt kwa wafanyakazi iliingia mlangoni mkononi mwa mgeni. Mahali pengine anasimulia kwamba, wakati mahakama kuu ilipokuwa ikizitengua sheria za rais moja baada ya nyingine, yeye alikuwa ameuficha muswada wa mishahara na saa za kazi katika mtoto wa meza yake, umefungwa kwa ufunguo, ukingoja siku yake. Siku hiyo ilifika. Sheria ilitiwa sahihi tarehe 25 Juni 1938, ikaweka kima cha senti 25 kwa saa. Jambo hilo, ambalo mwanasiasa mwingine angelitengea sura nzima ya kujisifu, yeye analieleza kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo wa kabati.

Unyenyekevu huu ulikuwa tabia, na ulikuwa pia mbinu. Katika mazungumzo yake marefu yaliyorekodiwa na Chuo Kikuu cha Columbia katika miaka ya 1950, yenye maelfu ya kurasa, Perkins alieleza kwamba tangu ujana wake aligundua wanaume wa siasa humvumilia mwanamke akiwakumbusha mama zao. Ndiyo maana akavaa nguo nyeusi za kawaida na kofia ileile ya pembe tatu. Wamarekani walihangaika hata namna ya kumwita, mpaka wakapata neno la heshima la kike la kutangulizwa mbele ya cheo. Sisi Kiswahili kimetuondolea taabu hiyo, kwani waziri ni waziri, na kiambishi a- hakiulizi kama mtu ni mume au mke. Isidhaniwe kwamba sarufi ndiyo siasa: Kenya ilimpata waziri kamili wa kwanza mwanamke mwaka 1995, miaka 62 baada ya Perkins, kwa lugha hiihii isiyobagua.

Hebu sasa tuzilinganishe simulizi mbili zilizomo kitabuni, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa kitabu ulipo, na ndipo kinapochechemea.

Simulizi ya kwanza ni ya mwaka 1912. Perkins alikuwa Albany akiutetea muswada wa kuzuia wanawake wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 54 kwa wiki. Wenye viwanda vya kutia matunda na mboga katika makopo walitaka wanawake wao watolewe katika sheria hiyo, na jumuiya yake ilikuwa imekataa katakata mtu yeyote asiachwe. Ikafika saa ya mwisho ya kikao. Ama upite muswada wenye pengo, ama usipite kabisa. Perkins, peke yake, bila wa kumwuliza, akaamua kuukubali wenye pengo. Aliyemwokoa hakuwa Roosevelt msomi, alikuwa Tim Sullivan, mwanasiasa wa mitaa ya maskini aliyedharauliwa na watu wa adabu, ambaye alimwambia kwamba dada yake naye alikwenda kufanya kazi akiwa mdogo. Sullivan na binamu yake walikuwa wamekwisha kushuka bandarini kupanda meli ya usiku. Wakaitwa kwa simu, wakarudi wakikimbia kupanda kilima ili wapige kura. Perkins alihofu kwamba Florence Kelley, kiongozi wake katika harakati zile, angemkemea kwa kuwaacha wanawake wa makopo. Hakukemewa, na haukupita muda mrefu kabla ya viwanda vile navyo kuwekewa mipaka ya saa.

Hiki ni kisa kilichosimuliwa kwa ustadi. Kina hofu, kina mbio, kina watu wenye majina, na kina mtu anayesema: mimi ndimi niliyekubali. Walioachwa wanajulikana, na uchungu wa kuwaacha umo ndani ya simulizi.

Simulizi ya pili ni ya mwaka 1935. Perkins alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mawaziri iliyoutayarisha muswada wa hifadhi ya jamii, na kamati hiyo ilikuwa imekubaliana kwamba bima ya uzeeni iwahusu wafanyakazi wote. Kisha Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau, akaenda mbele ya kamati ya bunge akasema kwamba itakuwa vigumu mno kukusanya michango ya watu waliotawanyika, mmoja mmoja katika kila nyumba na kila shamba. Akaomba wafanyakazi wa mashambani, watumishi wa nyumbani na wale wa vijiduka vidogo watolewe. Wabunge wakatikisa vichwa kukubali. Perkins anasema lilikuwa pigo, na kwamba hakuwa na la kufanya ila kukubali, walau kwa muda. Kisha anaendelea na safari yake. Sheria ilitiwa sahihi tarehe 14 Agosti 1935.

Tukio ni lilelile, lakini angalia tofauti ya usimulizi. Hapa hapana mbio, hapana Kelley wa kuogopwa, hapana dada wa mtu. Yumo aliyependekeza, wamo waliotikisa vichwa, na Perkins mwenyewe yumo akikubali. Wasiokuwamo ni wale walioachwa. Wametajwa kwa aina ya kazi, kama mizigo inavyotajwa katika hati ya forodha. Aya ile haisemi kwamba katika majimbo ya Kusini wafanyakazi wengi Weusi walikuwa ama mashambani ama majikoni mwa watu, kwa hiyo pengo lililokatwa katika sheria lilikuwa na rangi hata kama halikuandikwa rangi. Wanahistoria wamebishana sana kama chanzo chake kilikuwa nguvu za wabunge wa Kusini au shida halisi ya ukusanyaji kama Morgenthau alivyodai. Ubishi huo si wetu hapa. Letu ni kwamba msimulizi aliyewaona wasichana wa Triangle wakianguka, akawabeba moyoni hata kufa kwake mwaka 1965, amepita mbele ya jiko na mbele ya shamba bila kumwona mtu. Nao walingoja. Wengi waliingizwa katika hifadhi ya jamii kwa marekebisho ya 1950 na 1954. Sheria ya 1938 ya kima cha chini iliwaacha vilevile. Baadhi ya watu wa mashambani waliingizwa mwaka 1966, na watumishi wa nyumbani mwaka 1974. Neno lile la Perkins, kwa muda, lilikuwa na urefu wa karibu miaka arobaini.

Nilisema kurasa hizi zilitushinda darasani. Zilitushinda mara mbili.

Mara ya kwanza ni katika jina la mtu. Niliwauliza wanafunzi wanipe Kiswahili cha mtu anayefanya kazi ya kulipwa nyumbani mwa mwingine. Wakanipa mtumishi, mfanyakazi wa nyumbani, yaya, boi. Mmoja akanong'ona mboch, darasa likacheka. Neno mfanyakazi wa nyumbani lilitolewa na wachache, na hao nao walilitamka kwa sauti ya gazeti. Basi tukauliza kwa nini mfanyakazi ni neno linalomkaa vizuri kuli na mtu wa kiwandani lakini halimkai sawasawa mtu wa jikoni. Historia ya lugha inajibu kwa sehemu. Unguja ya karne ya 19, vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kufanya kazi ya kutwa, sehemu ya ujira ikienda kwa bwana. Kibarua kilikuwa kile kijibarua, kijikaratasi cha kumwonyesha kuwa amefanya kazi. Karatasi ikamtaja mtu. Mpaka leo neno lilo hilo moja ni mtu na ni kazi: vibarua wamekuja, lakini kibarua chake kimeota nyasi. Kenya ya ukoloni nayo ilikuwa na kipande, kilichotokana na sheria ya 1915, kikitundikwa shingoni katika kibweta cha bati na kuandikwa jina la bwana na kiasi cha mshahara. Na mjakazi, neno la utumwa, lilibaki karibu na jiko hata baada ya utumwa kukomeshwa. Shafi Adam Shafi hakulichagua kwa bahati jina la Kijakazi, mtumishi wa jumba la Mwinyi Fuad, katika riwaya yake ya 1978. Mwaka uliofuata akatupa Kuli, riwaya ya watu wa bandari na mgomo wa Unguja wa 1948. Hivyo katika miaka miwili mwandishi mmoja wa Kiswahili alimwona mtu wa jikoni na mtu wa gati kuwa wote ni wafanyakazi, jambo ambalo sheria ya Marekani ililifikia kwa kuchelewa mno.

Mara ya pili ni katika kitenzi, na hii ndiyo iliyotuchukua majuma mawili. Wanafunzi walipotakiwa kueleza kwa sentensi moja yaliyowapata watu wa mashambani na wa majumbani mwaka 1935, walileta majibu matatu. Wa kwanza: waliachwa. Wa pili: waliachika. Wa tatu, aliyeandika kana kwamba yeye ndiye Perkins: tuliwaacha. Kila mwalimu wa sarufi anajua tofauti zake kwenye ubao, lakini hapa zilikuwa tofauti za maadili. Kutendwa huzaa swali, waliachwa na nani, na kitabu kinalijibu kwa sehemu. Kutendeka hukataa swali. Waliachika kama mwanamke aliyeachika, ambaye mtaa wote wamtazama yeye na hapana anayemwuliza mume. Kutenda kwa nafsi ya kwanza wingi ni ungamo, na Perkins hakuliandika.

Upo upinzani ambao sina budi kuukabili. Yawezekana kusema kwamba namdai Perkins deni lisilo lake: alitaka wote waingizwe, alishindwa na mwenzake katika baraza, na lau angeng'ang'ania huenda sheria yote ingeanguka, wakakosa wazee mamilioni. Ni kweli. Tena alikuwa mtu aliyeshambuliwa kuliko mawaziri wenzake. Mwaka 1939 wapo wabunge waliotaka ashtakiwe bungeni na kuondolewa kwa kuwa hakumfukuza nchini kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandari, Harry Bridges, aliyezaliwa Australia. Hoja ile ilianguka. Mwanasiasa wa namna hiyo hastahili kufundishwa ujasiri na mwalimu aliyekaa maktabani. Lakini swali langu ni la msimulizi, si la mwanasiasa. Mwaka 1935 alikuwa na kura za kuhesabu. Mwaka 1946 alikuwa na karatasi tupu na kalamu, na Roosevelt amekwisha kuzikwa. Aliyeweza kumrudia Tim Sullivan akipanda kilima kwa mbio baada ya miaka 34, angeweza kumrudia mpishi mmoja wa Georgia baada ya miaka kumi na mmoja.

Nadhani sababu imo katika fani aliyoichagua. Kitabu cha shahidi humlazimu mwandishi asimame pale alipo mkuu wake, aone anayoyaona mkuu wake. Triangle aliiona kabla hajawa na mkuu. Mwaka 1912 alisimama peke yake. Mwaka 1935 alikuwa ndani ya chumba cha mawaziri, na kutoka katika chumba kile mtu huona muswada vizuri sana, huwaona waliouleta na waliouharibu, lakini jiko haliko katika upeo wa dirisha. Tippu Tip naye, aliposimulia maisha yake, aliwaona wapagazi wake zaidi kwa hesabu kuliko kwa majina. Na haimkiniki kulinganisha moyo wa watu hawa wawili, lakini yamkinika kulinganisha mahali walipokaa waliposimulia.

Tafsiri tunayoiandaa haijakamilika. Katika rasimu ya kwanza mwanafunzi yule wa tatu aliacha tuliwaacha, akakataa kuifuta, na kwa juma zima nikamwachia. Kisha nikaifuta mwenyewe, kwa sababu mfasiri hana ruhusa ya kumwungamisha mwandishi. Tumeandika nililazimika kukubali, kwa muda, kama kitabu kisemavyo. Kwa watu wenyewe nimekataa watumishi, ijapokuwa ndilo neno lililo karibu zaidi na Kiingereza cha Perkins cha 1946, nikaweka wafanyakazi wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Mwenzangu mmoja idarani aliyeipitia rasimu anaona kwamba hapo nimemsahihisha mwandishi kwa mlango wa nyuma. Bado tunabishana.